Kabla ya Kutoa Fishi

Tonton Kambale, mwenye depo, anawaambia wateja kwamba ninakwenda pension, yaani ninastaafu. Wateja wananitazama, kisha wanacheka, kwa sababu mtu wa miaka kumi na minane haendi pension. Lakini neno lenyewe halikunikera. Nimefanya kazi nyuma ya depo hii tangu nikiwa kidato cha kati, vita imebadilisha wakubwa mjini mara kadhaa, na mimi nilikuwa bado kwenye kiti kilekile chenye mguu uliofungwa kamba. Sasa masomo ya chuo kikuu yanaanza asubuhi na kuisha jioni, kwa hiyo ninatoka. Ninawaandikia ninyi wawili mnaobaki, Bibiche na Trésor. Bibiche anaogopa mashini, hii kompyuta yetu. Trésor haiogopi hata kidogo. Sijui ni yupi wa kumhofia zaidi.

Ninaandika kwa sababu kusema siwezi. Mnanijua. Mteja akiniuliza bei, ninaonyesha kikaratasi cha ukutani. Kuhusu malipo sitaandika kitu. Tonton atasoma hapa, na tena habari yenyewe ni fupi.

Nilianza mwaka ule mto ulipofungwa. Papa yangu alikuwa mtu wa boti. Alikuwa anateremsha samaki wa moshi na mafuta ya mawese kutoka Yanonge mpaka mbali. Vita ikakata njia ya maji, boti ikafungwa ufukoni, na papa akakwama nayo. Mimi nilikuwa Kisangani kwa mama mdogo, ninasoma. Mama mdogo alinunua sabuni kwa Tonton Kambale, ambaye ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Akasikia kwamba Tonton anatafuta mtu wa kupiga mashini baada ya saa za shule. Nilipoambiwa kwamba kazi ni kukaa nyuma kabisa, uso kwenye ukuta na mgongo kwa watu, nilikubali mbio.

Siku ya kwanza Tonton alinipitisha katikati ya magunia ya unga na vifurushi vya makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye harufu yake mtaondoka nayo mpaka kanisani. Nyuma kulikuwa na mashini mbili. Moja ilikuwa hai. Nyingine ilikuwa juu ya magunia, imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti inayongoja jamaa.

“Mutoto, sikiya,” alisema. “Ile ya kwanza ilikufa mbele ya macho yangu. Courant ilipanda, moshi ikatoka, basi. Donc, ukiona lampe inaanza kucheza, haumalize hata neno. Unatoa fishi.”

Akanionyesha fishi, ile plagi ya umeme ukutani, akaitoa, akairudisha, akaitoa tena, kama mtu anayefundisha kubatiza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na haikuwa ya kipumbavu. Umeme wa mji huu mnaujua: unashuka mpaka lampe inakuwa nyekundu kama kaa, halafu unapanda ghafla na kuua friji za mtaa mzima. Kifaa cha kutuliza umeme kilikuwa kimeagizwa Butembo. Kila ndege iliyotua Bangboka ilileta kitu kingine. Basi kutoa fishi ilikuwa kazi ya Tonton mwenyewe. Angeweza kuwa anapima unga mbele kabisa, lampe ikacheza mara moja, na kabla hujageuza kichwa alikuwa ameruka magunia na fishi iko mkononi mwake. Alijivunia jambo hilo. Mtu mwenye tumbo lile.

Mashini ilikuwa bado na mfumo wa zamani, ule wa picha ndogondogo. Tulipiga kazi za wanafunzi wa chuo, matangazo ya misiba, karatasi za njia za wanajeshi, zile ruhusa za kupita. Za wanajeshi tulizipiga bila kusoma. Kisha mteja mmoja akaleta disketi yenye virusi, na mashini ikaanza kula kazi za watu, leo ukurasa, kesho sura nzima, mpaka asubuhi moja haikuamka. Sidi, yaani CD ya kuuweka upya mfumo ule, ilikuwa kwa fundi aliyekuwa Kinshasa, na Kinshasa wakati ule ilikuwa nchi nyingine.

Aliyetuokoa ni Frère Déo, bruda wa kanisa na mwalimu wangu wa hesabu. Alikuja kununua sabuni ya nyumba ya mafrère, akaona mashini mbili zimefunikwa vitambaa viwili, akatoa pole. Kesho yake alirudi na sidi moja ndani ya bahasha ya kaki. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu: Linux.

Tonton aliuliza kama si kitu cha wizi, maana yeye hataki kuungama tena jambo la namna ile. Frère akasema hapana, waliotengeneza mfumo huu wanaruhusu kila mtu kuukopia, kumpa jirani, hata kuufungua na kutazama ndani umeshonwa vipi. Tonton alifikiri sana. Halafu akauliza, juu ya hao waliotengeneza, swali ambalo mpaka leo sijasikia mtu akilijibu vizuri.

“Na beye banakula wapi?”

Frère alicheka, akaitia sidi ndani ya mashini. Mchana wote maandishi meupe yalipita kwenye ekran nyeusi, na jioni mashini ikasimama ikiwa na neno moja na mstari mdogo unaopepesa. Hakuna picha wala madirisha. Wateja waliochungulia walisema mashini imekuwa kipofu. Mimi, niseme ukweli, niliipenda palepale. Inakuuliza unataka nini, halafu inangoja. Haikutazami usoni. Ukikosea inakuambia umekosea, na haimwiti mtu mwingine aje acheke.

Ilitaka neno la siri la mkubwa wa mashini. Frère akamwambia Tonton achague neno ambalo mtu mwingine hatalifikiria, na Tonton, mbele ya wateja wanne, akatangaza kwa sauti: makayabu.

Siku ya pili nilikuwa peke yangu na chombo cha kuandikia ambacho jina lake ni herufi mbili tu, vi. Nikapiga herufi, haikuandika. Nikapiga nyingine, mstari ukafutika. Nikatafuta mlango wa kutokea, hakuna. Nilibonyeza kila kitu. Mtu mwingine angekwenda kumuuliza Frère. Mimi nilikaa tu, jasho linateremka mgongoni, nikijifanya ninasoma. Tonton akaja, akatazama, akauliza kama nimekwama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akanitoa kwa njia yake. Fishi.

Kwa kweli wiki zile za kwanza tulitoka kila mahali kwa mlango ule. Na kila tukiwasha, mashini ilichukua muda mrefu ikijikagua, ikilalamika kwa Kiingereza. Nilikuwa na kamusi ya maktaba ya shule iliyopoteza kurasa za mwisho, inaishia kwenye S. Kwa hiyo neno “warning” sikulipata, nikadhani ni salamu. Mashini ilinisalimia sana siku zile.

Frère Déo aliposikia, hakugomba. Alinichukua mpaka mbele ya depo, akamnyooshea kidole mama mmoja muuza pondu, yaani kisamvu, upande wa pili wa barabara. Wateja walikuwa wamemzonga. Mama alikuwa anapokea mafungu kutoka kwa wapandaji wa toleka, zile baiskeli za kubeba watu na mizigo, na kwa kuwa hana nafasi ya kupanga, anayaweka kwanza mapajani. Akitulia kidogo ndipo anayapanga kwenye kitunga.

“Mashini yako iko vile,” alisema. “Ukiiambia iweke, inaweka kwenye mapaja kwanza. Sasa polisi akimufukuza yule mama ghafla, atasimama, na yenye kuwa kwenye mapaja?”

Nikasema itaanguka chini.

“Njo vile. Donc muache apange. Muage.”

Akanifundisha maneno mawili. La kwanza ni sync, maana yake panga sasa hivi vilivyo mapajani. La pili ni halt, maana yake tumemaliza, lala. Alinifundisha pia neno man, ambalo ukiliandika kabla ya jina la amri yoyote unapewa maelezo yake yote. Hapo ndipo nilipojifunza kazi hasa, Trésor, si kwa kubonyezabonyeza. Kila siku ukurasa mmoja wa man, na kamusi yangu isiyo na mkia.

Nilimweleza Tonton habari ya kuaga. Yaani, nilimwandikia kwenye karatasi, akaisoma mbele ya watu.

“Mashini ya kuagwa,” alisema. “Hata bibi ya kwangu simuagake kila mara.”

Sheria ya fishi ikabaki palepale. Mimi nikaweka yangu chini yake: kila aya ikiisha, ninahifadhi, ninaandika sync, ninaendelea. Vidole vyangu vinafanya hivyo mpaka leo, hata kwenye meza ya kulia. Kwa njia hiyo Tonton aliruka magunia yake, mimi nilipanga mapaja yangu, na tukaishi.

Frère Déo alihamishwa Isiro. Aliondoka na ndege ya mizigo. Aliniachia sidi, na karatasi kadhaa alizoandika kwa mkono wake kuhusu siku mbaya. Sikumwambia asante inavyostahili.

Halafu ilikuja kazi ya Ya Angèle.

Ya Angèle, yaani dada Angèle, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo. Alikuwa amepita barabara ya Bafwasende, kwa miguu na juu ya mizigo ya watu, akiwauliza wakulima wanaacha shamba lipumzike miaka mingapi kabla ya kulima tena. Watu walimkimbia wakidhani anaandikisha wanajeshi. Aliniletea sura tatu za kwanza za kazi yake ya kuhitimu nizipige, akachukua karatasi zake, akarudi nyumbani kwa tonton yake, mjomba wake. Baadaye mabomu yakaanguka juu ya mji, siku ambazo sisi wote tulikuwa chini ya vitanda. Nyumba ya tonton yake iliungua. Watu walitoka salama. Karatasi hazikutoka.

Bunduki ziliponyamaza alikuja depo akiwa amevaa nguo ya mtu mwingine, ndefu kupita miguu. Hakusalimu.

“Mutoto, iko?” aliuliza.

Nikafungua, nikamwonyesha sura zake kwenye ekran. Akagusa kioo kwa kidole. Kisha akakaa juu ya gunia, akawa anacheka na kulia kwa pamoja, na Tonton akampa soda, kitu ambacho sijaona tena.

Basi mjue hali ilivyokuwa. Kazi yote ya Ya Angèle ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya diski ya mashini ile. Disketi hatukuweza kuandika, kwa sababu unga wa ngano wa depo ulikuwa umeingia kwenye mlango wa disketi na kuwa uji. Karatasi hatukuweza kutoa, kwa sababu riboni ya mashini ya kuchapisha ilikuwa imekauka, na mpya ilikuwa njiani kutoka Butembo, ndugu wa kile kifaa cha kutuliza umeme. Na maprofesa walikuwa wametangaza siku ya mwisho ya kupokea kazi. Asiyeleta, angoje mwaka mwingine. Ya Angèle aliniambia kwamba mwaka mwingine hana. Aliandika sura ya nne upya kwa mkono, akaniletea.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inakusanyika, mchana umekuwa mweusi. Tulipata habari kwamba riboni imefika Bangboka. Ya Angèle alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilikuwa nimepiga nusu ya sura ya nne, nikaona niziweke sura zote ndani ya folda moja mpya, tayari kwa kuchapa. Nikatoa amri ya kuzihamisha. Lampe ikacheza.

Nilisikia magunia. Ekran ikazimika.

Tonton alikuwa amesimama na fishi mkononi, anapumua, amefurahi. “Niliiwahi,” alisema.

Umeme ulipotulia akairudisha mwenyewe. Mashini ikaanza kuamka, ikajikagua, ikafika katikati ikasimama. Ikaandika kwamba haiwezi kujitengeneza yenyewe, mkubwa wa mashini aje, atoe neno lake la siri.

Nikaandika makayabu. Ikakataa. Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Tonton akaniondoa, akaliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akilitamka. Ikakataa. Akageuka akawatazama wateja wote kama wezi, akaniuliza nani amebadilisha. Mtu mmoja akasema labda ni watu wa usiku, wale wa uchawi; mwingine akasema ni mabomu, yanaharibu hata akili ya vyuma. Ya Angèle alikuwa anashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

Nikatoa karatasi za Frère. Alikuwa ameandika, chini kabisa: mashini hii kabla ya kuamka vizuri haijui kwamba klavye yake ni ya Kifaransa, inadhani ni ya Waingereza. Bon. Klavye zetu na zao hazipangi herufi sawa. Tulipobonyeza m, yeye alisoma kitu kingine. Nikahesabu: m yao iko kwenye koma yetu, a yao iko kwenye q yetu. Nikaandika neno ambalo machoni lilikuwa uchafu mtupu, na mashini ikafungua.

Nikaanza amri ya kukagua diski, fsck. Inauliza swali, unajibu y. Inauliza tena, unajibu y. Kila swali lilikuwa kipande kilichoanguka kutoka mapajani, na mimi ninaulizwa kama nikiokote. Katikati ya maswali hayo mvua ikaanguka juu ya mabati, na lampe ikacheza.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoiandikia yote haya. Fishi ikitolewa wakati diski inatengenezwa, kilichobaki cha Ya Angèle kinakwisha. Fishi isipotolewa na umeme ukapanda, mashini inaungua, na kilichobaki cha Ya Angèle kinakwisha vilevile, pamoja na kazi ya Tonton na yangu. Sikuwa na hakika. Nilijua tu kwamba njia moja ni kifo hakika na nyingine ni labda.

Nilisikia magunia. Nikatoka kwenye kiti, nikaweka mgongo wangu ukutani, juu ya fishi.

“Tonton, hapana.”

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo, kabla wala baada. Tonton alisimama mkono mbele. Nadhani hakuwa ameisikia sauti yangu vizuri tangu nianze kazi.

“Toka pale. Utaungua na mashini.”

“Haijaagwa,” nilisema. “Iko inapanga. Ukiifukuza sasa, bintu ya Ya Angèle yote itaanguka.”

“Na ikipanda? Weye njo utalipa?”

Nikasema sitaweza kulipa. Nikasema pia sitoki. Lampe ikashuka ikawa nyekundu. Watu wote walikuwa wanaitazama ile lampe. Tonton alitazama ile mashini ya kwanza chini ya kitambaa chake, akanitazama, akamtazama Ya Angèle, ambaye alikuwa amefunga macho. Halafu akafanya kitu ambacho kwake kilikuwa kigumu kuliko kuruka magunia. Aliweka mikono nyuma ya mgongo, akaushika mmoja kwa mwingine.

Umeme ukapanda taratibu. Lampe ikawa njano, ikawa nyeupe, ikakaa.

Nikarudi kwenye kiti. Y, y, y. Ukaguzi ulipoisha nikaingia kwenye folda ambayo mfumo huu unaweka vilivyookotwa bila jina. Ndani mlikuwa na mafaili yanayoitwa kwa nambari tu. Nilifungua la kwanza. Lilianza na barabara ya Bafwasende. Nilimsogelea Ya Angèle nikamgusa bega, kwa sababu sauti yangu yote ilikuwa imekwisha kazi. Sura tatu zilikuwa nzima. Nusu ya sura ya nne haikuonekana, lakini hiyo ilikuwa bado kwenye karatasi alizoandika kwa mkono, na alinisomea mpaka tukaimaliza. Riboni ilifika imelowa, ikachapa. Aliitetea kazi yake mbele ya maprofesa, akatuletea sufuria ya pondu yenye makayabu. Tonton alisema makayabu yenyewe alikuwa ameyakopa kwenye depo yake.

Kifaa cha kutuliza umeme kilikuja baadaye, wakati hatukukitegemea tena. Msikiamini sana. Bibiche, usiogope ile ekran nyeusi. Haijui hata kama una haya. Trésor, soma kwanza, bonyeza baadaye. Karatasi za Frère Déo ziko chini ya klavye, ndani ya mfuko wa sabuni.

Jana lampe ilicheza. Nilikuwa ninaandika aya moja ya juu hapa. Nilisikia magunia, Tonton akafika, mkono ukaenda ukutani, ukasimama palepale hewani.

“Umeshaiaga?” aliuliza.

Nikaandika sync. Nikaandika halt. Tukangoja sote wawili mpaka ekran ikatulia kabisa. Kisha nikamwambia, kwa mdomo wangu, si kwa karatasi: “Ndiyo, Tonton. Sasa unaweza kutoa.”